Gitaa Langu Lilivunjikia Ndani ya Begi

Gitaa langu la kwanza la maana lilivunjika likiwa ndani ya begi, zipu imefungwa, na begi lenyewe halikupata hata mkwaruzo. Tulikuwa tukisubiri zamu yetu ya kupiga katika harusi moja huko Mbagala. Nilikuwa nimeliegemeza ukutani, watoto wawili wakapita wakifukuzana, begi likateleza na kuanguka chali. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu cha mhogo kinapovunjwa. Nilipofungua zipu nilikuta kichwa kimeachana na shingo na kinaning'inia kwa nyuzi.

Fundi wa Keko aliyeliunga, ambaye riziki yake hasa ni vitanda na makochi, alinionyesha kwa kidole mahali penyewe: pale shingo inapokutana na kichwa ndipo ubao ulipo mwembamba kuliko kwingine kote. Nyuzi sita za chuma za gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, zikishakazwa, huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70 kwa jumla, usiku na mchana, kwa hiyo pigo dogo tu linatosha kumaliza kazi ambayo nyuzi zimekwisha kuianza. Isitoshe, magitaa mengi yana kichwa kilicholazwa kwa nyuma. Magitaa ya umeme aina ya Les Paul ya kampuni ya Gibson kwa kawaida huwa na mwinamo wa digrii 17, na gitaa la namna hiyo likianguka chali, ncha ya kichwa ndiyo inayotangulia sakafuni. Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender ambalo kichwa chake hakikulazwa, huvumilia zaidi, jambo ambalo wapigaji wa gitaa la solo hupenda kutukumbusha sisi wengine.

Tangu siku hiyo, nikiingia dukani Kariakoo siulizi kwanza unene wa sponji, ingawa muuzaji huwa ameshaanza kuibonyeza kwa dole gumba huku akiniapia kwamba ni milimita 20. Ninauliza shingo italala juu ya nini. Begi au kasha zuri lina kitako kigumu kinachoibeba shingo, na nyuma ya kichwa huachwa nafasi tupu, ili kichwa kielee bila kugusa chochote. Naomba niliweke gitaa langu ndani, kisha napenyeza vidole viwili chini ya kichwa; vikikwama, narudisha begi. Baada ya hapo nafunga, nanyanyua na kutikisa taratibu nikisikiliza. Gitaa likigonga ndani, ujue litagonga njia nzima hadi ukumbini. Wauzaji wengine hukereka na ukaguzi huu, lakini aliyewahi kuona kichwa kikining'inia haoni haya.

Vipimo navyo vinataka futi ya fundi cherehani, si macho. Mabegi mengi huandikwa inchi 39, 40 au 41, na namba hiyo ni ya urefu tu. Gitaa kavu la umbo kubwa lina urefu wa karibu sentimita 104, upana wa karibu sentimita 40 sehemu ya chini, na kina cha sentimita 12 hivi. Begi la urefu uleule lililoshonwa kwa ajili ya gitaa la umeme halitalipokea, na ukilazimisha, zipu ndiyo itakayolipa.

Swali gumu kwangu lilikuwa jingine: kasha gumu au begi? Kasha la plaiwudi lenye bitana ya mahameli ndilo linalokinga vizuri zaidi, hilo sibishani nalo. Lakini likiwa tupu huweza kufika kilo 4 au 5, ilhali gitaa kavu lenyewe ni kama kilo 2 tu. Nilikuwa nalo moja, na kwa miezi kadhaa liliishi chini ya kitanda, kwa sababu mimi huenda kazini kwa bodaboda, na kasha la zaidi ya mita moja likipakatwa kukingama juu ya pikipiki katika foleni ya jioni ni hatari kwako, kwa dereva na kwa vioo vya magari ya watu. Kwenye daladala konda aliniambia bila kunung'unika, "Kaka, huyo mwenzako naye analipa siti," nami nililipa, kwa kuwa alikuwa na haki.

Hivyo nilichagua la kati: kasha la povu gumu lililovikwa kitambaa, lenye zipu na mikanda miwili ya kuvaa mgongoni. Ni jepesi kuliko la plaiwudi, na haliwi kama shuka, tofauti na begi jembamba ambalo kwa kweli hukinga vumbi tu. Jambo la kukumbuka ukiwa nalo kwenye bodaboda ni kwamba ncha yake inapita juu ya kofia yako, kwa hiyo mageti mafupi na matawi ya miembe unayainamia mapema. Kabla sijalitumia nililipeleka kwa fundi viatu akashona upya mikanda kwa uzi wa nailoni, maana mishono ya kiwandani mahali mkanda unapoingia mwilini mwa begi ndiyo huachia kwanza.

Kasha la plaiwudi sikuliuza. Linatoka siku ambazo vyombo vya bendi vinapakiwa kwenye kirikuu pamoja na spika na mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, na tunapovuka kwa boti kwenda Unguja, ambapo mzigo unapita mikononi mwa watu wasiojua kilichomo. Hewa ya chumvi ya pwani huingia katika bitana ya mahameli na kuleta ukungu, kwa hiyo nikirudi nyumbani naliacha wazi kivulini siku nzima, na ndani naweka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Juani silianiki, wala siliachi ndani ya gari lililoegeshwa mchana, kwa sababu joto hulainisha gundi, na daraja, kile kipande kilichogundishwa kwenye mwili wa gitaa na kuvutwa na nyuzi, huanza kunyanyuka taratibu pasipo mtu kuona.

Lina makomeo matano. Usiku mmoja baada ya shoo nilifunika kifuniko bila kuyafunga, nikaenda kudai malipo yetu. Mpiga ngoma wetu, kwa wema wake, akalishika mpini ili anisaidie kulibeba. Bahati chini palikuwa na zulia, na safari hii kilichovunjika ni kigingi kimoja tu cha kukazia uzi. Sasa kila mtu kwenye bendi anajua kwamba nikilifunika, nafunga makomeo yote matano hapohapo, hata kama bosi wa ukumbi ameshashika bahasha mkononi.