Dawa za mama bado ziko kwenye kopo la biskuti

Arobaini ya mama ilipopita, nilikwenda kwake Tandika kusafisha friji. Nyuma ya jagi la maji nikakuta vichupa vinne vya insulini, vifuniko vyake vya plastiki havijang'olewa. Kila kimoja kina yuniti 1000. Mama alikuwa anachoma yuniti 40 kwa siku. Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama palepale, mlango wa friji wazi: siku 100. Hizo ni siku 100 za mtu mwingine mwenye kisukari.

Kabatini kulikuwa na kopo la biskuti lenye karatasi tisa za metformini, vidonge vya kisukari, na pakiti tatu za amlodipini, vidonge vya presha, za miligramu 5. Kliniki walikuwa wakimpa za miezi mitatu kwa mkupuo, halafu presha ikapanda, daktari akamwandikia za miligramu 10. Zile za zamani zikabaki.

Nilibeba zote hadi hospitali aliyokuwa akitibiwa. Mfamasia, binti mdogo, alinipa pole ya msiba kwanza. Kisha akaniuliza, "Dada, umeme kwenu ulikatika mara ngapi mwezi huu?"

Sikuwa na jibu. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiharibika huwezi kuijua kila mara kwa kuitazama. Alikuwa sahihi, nikamwachia vikateketezwe. Nililia kwenye daladala.

Vidonge je? Navyo alivikataa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996 unaosema dawa zilizorudishwa na wagonjwa zisigawiwe tena kama msaada. Naielewa sababu yake: Bosnia wakati wa vita ilipelekewa shehena za dawa zisizofaa, mzigo juu ya mzigo. Lakini hizo zilikuwa zikivuka mipaka. Zangu zingetoka mtaa mmoja kwenda wa pili, zikiwa kwenye karatasi zake, hakuna hata tundu moja lililotobolewa. Kule Iowa, Marekani, tangu 2007 kuna mpango unaopokea dawa za namna hii kutoka majumbani. Mfamasia anazikagua, muda wake wa matumizi ukiwa haujaisha, anapewa asiye na uwezo wa kununua. Hilo ndilo ninalolitaka hapa: meza moja kwenye kila kliniki ya kisukari na mfamasia mwenye ruhusa ya kukagua.

Msiniambie nigawe mwenyewe. Mzee jirani yetu alimtuma mjukuu wake: "Shangazi, babu anaomba zile dawa za sukari." Nikamrudisha mikono mitupu. Babu yake ana tatizo la figo, na metformini kwa figo zilizochoka inaweza kuwa hatari. Mimi si mganga wa kuamua hilo.

Jana jioni nilipita kumsalimu mzee huyo. Nilimkuta barazani, kidonge chake cha presha kiko juu ya sahani, anakikata nusu kwa kisu cha jikoni. Nusu ya pili akaifunga kwenye kipande cha gazeti, ya kesho.