Mstari wa 1.03 ulivyotufundisha kuandika maelezo

Ofisi yetu ni chumba kimoja Ngamiani, mjini Tanga, Barabara ya 12, juu ya duka la vitenge. Tuko wanne. Tulitengeneza programu ya vituo vya kupokelea maziwa: mfugaji analeta keni, karani anapima, mwisho wa mwezi programu inapiga hesabu ya malipo.

Aliyeandika sehemu ya mizani akapata kazi Dodoma. Tanga ndiyo hii, waja leo waondoka leo. Nikarithi msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, na humo nikakuta uzito unagawanywa kwa 1.03, bila neno la maelezo. Nikadhani ni masalia ya majaribio. Nikaufuta mstari huo.

Kumbe mizani inatoa kilo, mfugaji analipwa kwa lita, na lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03. Mfugaji wa kilo 20 kwa siku, badala ya lita 19.4, akaandikiwa 20. Kwa siku 30 hizo ni lita 17 na ushei za bure. Hakuna mfugaji aliyelalamika, na angelalamikia nini? Mhasibu wa ushirika ndiye aliyenipigia: "Mwanangu, ng'ombe wa huku siku hizi wanakamuliwa mara ngapi?"

Nikampigia mwenzetu Dodoma. Akacheka. "Kaka, nilijua kila mtu anajua maziwa ni mazito kuliko maji."

Kinachouma ni kwamba kitabu cha maelezo tulikuwa nacho, kurasa 60, tulichokiandika ili tulipwe awamu ya mwisho. Kimejaa picha za skrini na mishale. Kinaeleza kwamba kitufe cha Hifadhi kinahifadhi. Habari ya 1.03 haimo.

Tukakiacha kabatini. Siku hizi maelezo yanakaa pamoja na msimbo, ndani ya Git, chombo kinachotunza kumbukumbu za kila badiliko, na mabadiliko yasiyogusa maelezo yanayohusika hayapokelewi. Kila uamuzi mzito una ukurasa wake mfupi: hali ilikuwaje, tuliamua nini, tutabeba gharama gani. Utaratibu huo si wetu, mtaalamu wa programu Michael Nygard aliueleza mwaka 2011. Chetu ni lugha: sababu tunaziandika kwa Kiswahili. Tulibishana wiki nzima juu ya hilo, lakini mtu akieleza sababu kwa Kiingereza cha kuungaunga, anaikwepa.

Faili la README, lile la maelezo ya kuanzia, tulilijaribu kwa mwanafunzi wa fildi: aiwashe programu kwa kulifuata. Nikampa laptopu na faili hilo tu, nikakaa pembeni nimefunga mdomo. Hatua ya tatu akakwama: hatukuandika kwamba hifadhidata lazima iwashwe kwanza. Sisi huwa inawaka yenyewe, tulishasahau. Kila alipokwama nikaongeza mstari. Ilimchukua hadi alasiri. Aliyemfuata aliiwasha programu kabla ya adhana ya adhuhuri.

Sehemu ya kuchapa risiti bado haina maelezo yoyote. Niliiandika mimi.