Nilidhani nalala fofofo

Saa tisa na robo usiku. Umeme umekatika, mashine inayonisaidia kupumua usingizini imenyamaza, nami nimekaa kitandani ndani ya chandarua nikiandika kwa mwanga wa simu. Baba Salma anafungua madirisha. Joto la Februari hapa Kimara mnalijua.

Leo nina wiki 31. Mpaka wiki ya 26 ningekula yamini kwamba hakuna mimba niliyoilalia vizuri kama hii. Nikigusa mto tu, nimeondoka. Mama alipokuja kututembelea kutoka Korogwe aliniambia asubuhi, huku anacheka, "Mwanangu, jana umekoroma! Umechoka kweli." Kwetu anayekoroma ndiye aliyelala fofofo, mwacheni apumzike. Nilijisikia aibu kidogo, maana kukoroma tumewaachia akina baba, nikabadilisha mazungumzo.

Ila usingizi wenyewe ulikuwa haushibishi. Naamka kinywa kikavu, kichwa kinagonga. Siku moja nilisinzia kwenye mwendokasi. Nilikuwa nishuke Fire, nikashtukia niko Kivukoni. Kila niliyemweleza alisema ni mimba hiyo. Hata mimi nilisema hivyo hivyo.

Aliyekataa ni Baba Salma. Alinirekodi usiku bila kuniambia, asubuhi akanipa simu nisikilize. Mkoromo niliutarajia, na kweli ulikuwepo, kama bodaboda mbovu inayopanda mlima. Kisha ukakatika. Nikasikia feni, nikasikia mbwa wa jirani, mimi mwenyewe sisikiki. Halafu nikavuta pumzi kwa kishindo kama mtu anayeibuka majini. "Sekunde 22," akasema, "nimehesabu. Na si mara moja." Ile sauti sijairudia tena nikiwa peke yangu.

Kadi yangu ya kliniki ina mahali pa presha, uzito, mkojo na wingi wa damu. Pa usingizi sikupaona. Nesi alipoona presha 138/88, na mimi siku zote huwa kwenye 110, akanipeleka kwa dokta, na huko ndiko nilikotoa simu. Dokta alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Hilo tu lilinitosha.

Nikalala na kifaa cha kupima pumzi nyumbani: mkanda kifuani, kimrija puani, kibanio kidoleni. Majibu yakaonyesha pumzi yangu inakatika au kupungua mara 19 kwa saa. Kinachohesabiwa ni kila kukatika au kupungua kwa sekunde 10 na kuendelea. Kuanzia mara 5 kwa saa tayari ni tatizo, na kati ya 15 na 30 ni apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika-katika ukiwa umelala, ya kiwango cha kati. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, ubongo unakuamsha kidogo tu, wala hukumbuki. Mimba inaongezea yake: homoni zinavimbisha pua kwa ndani, uzito unapanda, tumbo linabana mapafu kwa chini. Kila oksijeni ikishuka mwili unashtuka, moyo unakwenda mbio, na presha nayo inapanda. Ndiyo maana mjamzito mwenye hali hii huwa kwenye hatari zaidi ya kupata kisukari cha mimba, na presha ya mimba, ile inayoweza kufikia kifafa. Binamu yangu alipata kifafa cha mimba. Hapo sikuuliza tena bei ya mashine.

Baadaye niliuliza. Hela ya tofali za Kibaha imeingia humo.

Mashine ya CPAP, wenyewe wanaiita sipapu, haina dawa wala gesi. Inasukuma hewa hii hii ya chumbani kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Wiki ya kwanza niliivua usingizini kila siku. Kisha tukagombana na chandarua: mpira wa hewa ukipita chini yake, mbu nao wanapita. Sasa mashine inalala ndani pamoja nasi, mtoto wa tatu. Asubuhi ya tisa niliamka kichwa hakiumi, nikakaa kitandani nikidhani nimesahau kitu.

Umeme ukikatika kama sasa, nalala ubavu wa kushoto, mito miwili imeinua kichwa na mgongo, baada ya kusafisha pua kwa maji ya chumvi ya duka la dawa. Mashine haijapata mbadala hapo, ni kujishikiza tu. Vidonge vya usingizi dokta kavipiga marufuku. Na nikipelekwa kujifungua kwa upasuaji, mtu wa nusu kaputi lazima aambiwe mapema.

Jumanne nikiwa kwenye benchi la kliniki nilimuuliza dada aliyekaa pembeni yangu, amesinzia na tumbo lake, kama anakoroma. Akajifunika mdomo kwa khanga. "Dada, maswali gani hayo!" Tukacheka. Foleni ikasogea watu wawili hivi, kisha akaniinamia sikioni: "Mume wangu amehamia sebuleni."