Siku Yangu Moja Kati ya Vitabu vya Wawindaji wa Zamani

Saa kumi na moja alfajiri ni chai ya rangi, kisha matatu, kisha foleni ya Jogoo Road. Saa mbili kasorobo nimeshafungua chumba changu, ghorofa ya tatu, katikati ya Nairobi.

Wengi wakisikia nauza vitabu vikuukuu hudhani ni vile vya shule vinavyotandazwa kando ya barabara. Mimi natafuta, natengeneza na kuuza vitabu vya zamani vya uwindaji wa wanyama wakubwa: tembo, simba, faru, nyati. Vingine siviuzi, najiwekea. Kila mara huulizwa kama napenda wanyama wauawe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na mimi sitaki urudi. Ninachotunza ni maandishi, kwa kuwa ndani yake wamo babu zetu ambao hakuna aliyewaandika kwingine.

Saa mbili hadi saa nne ni za matengenezo. Leo mezani kuna *African Game Trails* ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, ya mwaka 1910, mgongo umeachia na uzi umelegea. Nachemsha gundi ya unga wa ngano, nakata vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani, nabandika, nafunga kwa kitambaa, naweka uzito juu. Asiyejua angechukua selotepu. Selotepu ni adui: baada ya miaka gundi yake hugeuka njano, huingia ndani ya karatasi, na ukiivuta unaondoka na herufi.

Saa nne na nusu niko mtaa wa Karen, hapa hapa Nairobi. Dada mmoja amefiwa na baba yake na nyumba inauzwa. Ameniambia, “Kaka, chukua vyote, tutapatana.” Nimejaza maboksi, nimemwandikia risiti, nimekodi gari. Lifti ya jengo letu haifanyi kazi, kwa hiyo kila boksi limepanda ngazi begani mwangu, moja moja.

Nikipanda huwa namkumbuka mtu mmoja. Roosevelt alipokuja huku mwaka 1909 na mwanawe Kermit alibeba maktaba nzima, vitabu kadhaa vilivyojalidiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, vumbi na damu. Anaandika kwamba kasha lao la alumini, pamoja na vitabu vyake, lilikaribia ratili 60, yaani kama kilo 27, mzigo wa mpagazi mmoja. Maktaba ile imehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Harvard. Roosevelt ameorodhesha majina ya vitabu vyote. La mpagazi aliyevibeba hakuliandika.

Saa sita na nusu, kabla sijafuta jasho, akaingia mteja.

Kijana nadhifu, anapamba hoteli moja huko mbugani. Anataka vitabu vya kahawia vya kujaza rafu ya mita tatu. Visomeke visisomeke, kwake ni mamoja. Nikamwambia karibu, bosi, tutaona. Akaanza kutoa kitabu kimoja baada ya kingine kwa kuvuta juu ya mgongo, pale pale panapochanika kwanza. Nikamwonyesha: sukuma viwili vya pembeni nyuma, ushike cha katikati kwa ubavu. Akaitikia, akaendelea kuvuta. Kila ukurasa analamba kidole.

Akafika kwa *The Man-Eaters of Tsavo* ya J.H. Patterson, mhandisi aliyewaua simba wawili waliokuwa wakila wajenzi wa reli huko Tsavo. Kilichapishwa London mwaka 1907; nakala yangu ni ya baadaye kidogo, lakini picha zote zimo. Akafungua penye picha ya simba wa kwanza aliyeuawa, Desemba 1898. Patterson alimpima futi tisa na inchi nane kutoka pua hadi ncha ya mkia, na ilichukua watu wanane kumbeba hadi kambini. Kijana akasema, “Hii. Nikatie hii tu.”

Nikadhani sijasikia vizuri. Alikuwa na maana hiyo hiyo: nichukue wembe, nitoe ukurasa, akautie kwenye fremu ukutani. Nikamweleza kwamba picha hiyo inaweza kupigwa skani na kuchapishwa kubwa kuliko hiyo, na nitamsaidia. Hataki, anataka “orijino”. Akampigia mkuu wake simu ya video, akamwonyesha simba, mimi na rafu zangu. Simu ikakatika. Akapiga tena. Mkuu akapandisha bei. Kwa ule ukurasa mmoja wakanitajia zaidi ya bei niliyoweka kwa kitabu kizima, kisha wakaongeza tena.

Kodi ya chumba inakaribia na pesa ile ingeifunika. Lakini kitabu kilichokatwa ukurasa hakirudi kuwa kitabu. Atakayekuja kesho kutafuta ukweli wa Tsavo atakuta pengo. Nikamfungulia mahali ninapotaka kila Mkenya apasome: Patterson anasema simba wale waliua vibarua wa Kihindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao kumbukumbu yao rasmi haikuwekwa. Wahindi wana hesabu kwa sababu walikuwa kwenye daftari la reli. Wetu ni “wengi” tu. Nikamwambia, hawa ndio sababu sikati. Akatazama saa yake, akauliza kama nitakubali kukiwa na nyongeza ya usafiri.

Yakapita karibu masaa mawili hivyo. Mwishoni nikamuuzia juzuu za zamani za ripoti za sheria, kahawia kama alivyotaka, ambazo hakuna wakili aliyezitaka kwa miaka. Akalipa kwa M-Pesa, tukapeana mkono. Ngozi za simba wale wawili Patterson alizifanya mazulia, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Mafuvu na ngozi vilivuka bahari. Kitabu hiki kimebaki Nairobi, na kitabaki kizima.

Nikala chapati baridi nimesimama, sikumbuki saa ngapi. Mgongo ulikuwa unauma na maboksi ya Karen bado yamefungwa. La kwanza lilikuwa na ukungu, nikalitenga mbali na mengine. La pili lilikuwa na *Man-Eaters of Kumaon* ya Jim Corbett, mwindaji wa chui na simbamarara wala watu huko India. Corbett alihamia Nyeri mwaka 1947 na amezikwa huko. Mwalimu mmoja wa Nyeri alishaniomba kitabu hiki, na kabla jua halijatua nimempelekea kupitia ofisi ya basi.

Kazi ya mwisho sipati senti kwayo. Nina daftari la majina ninayoyakuta ndani ya vitabu hivi, ya wabeba bunduki, wapishi, wapagazi na wafuata nyayo. Humo yumo Mahina aliyembebea Patterson bunduki. Yumo Juma Yohari, Mswahili wa Zanzibar aliyekuwa na Kermit, na mwenzake Kassitura. Yumo Shebane, mtumishi wa Arthur Neumann, mwindaji wa tembo. Alikamatwa na mamba, na bwana wake akamwandika kwa uchungu usiofichika katika kitabu chake cha 1898. Naandika jina, kitabu, ukurasa. Familia ikija kuuliza siku moja, nitakuwa na pa kuanzia. Leo nimemwingiza na yule wa kasha la vitabu: mpagazi, 1909, jina halikuandikwa.

Maboksi mengine bado hayajaguswa, na yule dada wa Karen anataka hesabu yake kesho kabla ya saa sita.