Usingizi wa pono

Mamangu ana miaka 71. Kazaliwa Kibokoni, Mombasa, bahari iko hatua chache na mlango wao, na mpaka jana hakuwahi kuitazama kwa ndani. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Samaki mama anawajua kwa kisu na kwa mchuzi.

Aliyeanzisha safari ni mwanangu wa miaka 6. Aliona kwenye simu watoto wa ng'ambo wakitembea ndani ya handaki la kioo katika bustani ya michezo, papa akiwapita juu ya vichwa, akataka naye apelekwe. Nikamwambia sisi tuna boti zenye kioo chini, na samaki tutawakuta kwao. Hakuridhika sana.

Tukapanda tuktuk, tukavuka daraja la Nyali. Nahodha alikuwa ametuagiza tuwahi maji yakipwa, kwa kuwa ni bamvua, maji hupwa sana, na kina kikipungua mwamba unaonekana vizuri. Mama aliingia majini kakunja buibui mpaka magotini. "Shika hapa, mama, taratibu," nahodha akamwambia. Alikaa katikati, kashika ubao kwa mikono miwili, macho kule mbele. Muda mrefu hakuinama. Nilikuwa naanza kujuta kumleta.

Majani ya bahari yakaisha, matumbawe yakaanza.

"Yule tafi," nikamsikia. Kumbe keshainama. "Na yule chewa, mtazameni alivyojibana kwenye jiwe!" Sauti yake sijaisikia hivyo tangu tumzike baba. Mwanangu alikuwa amelalia kioo kifudifudi, na mama akawa anamtajia mmoja mmoja.

Halafu akapita samaki wa kijani kilichochanganyika na buluu, akiuguguna mwamba. Mama huyu hakumtambua.

"Huyo pono, mama," nahodha akasema.

"Pono? Pono ndiye huyu?"

Nimekua nikiamshwa kwa jina la huyo samaki. "Amka! Usingizi gani huu wa pono!" Mwanangu naye sasa anaamshwa vivyo hivyo. Tumemla miaka yote, lakini anayefika jikoni rangi zake zimeshafifia. Nahodha akatueleza kwamba meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, anakwangua mwani juu ya mwamba, anasaga na mawe yenyewe, na kinachomtoka ni mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga ufukweni imepita tumboni mwake. Usiku hujiingiza kwenye mapango ya mwamba akalala fofofo. Wako pono wengine hutoa utando wa ute mdomoni wakajifunika nao mwili mzima.

"Kumbe analala na chandarua!" mama akasema, na boti zima likacheka naye.

Tulipita pia sehemu ambayo mwamba umekufa, kijivu kitupu. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali, matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe yakafa. Palipopona pamejaa rangi, na kuviona viwili hivyo kwa pamoja kuliniuma.

Wakati wa kurudi mama alimuuliza nahodha mpaka wa hifadhi ya bahari uko wapi. Ndani yake hakuruhusiwi kuvua, na baba alikuwa akiuzunguka kwa mbali na ngalawa yake. Nahodha akanyoosha mkono. Mama akaangalia upande ule mpaka tulipogusa mchanga, wala sikumsemesha.

Leo Jumapili mtoto alitakiwa chuoni, madrasa, na kama kawaida haamki. Nikasikia hatua za mama ukumbini, nikangoja ukelele wa kila siku. Haukuja. Nilipochungulia, alikuwa kachutama kando ya kitanda, kainua pindo la chandarua polepole, anamtazama anavyopumua.

"Pono," akanong'ona. "Pono wangu, kumekucha."