Namna nilivyosawazisha kimo cha nyuma cha pikapu yangu iliyoinuliwa

Pikapu ninayoitumia kupeleka saruji na nondo kwenye ujenzi wangu wa Goba, Dar es Salaam, ni Toyota Hilux ya milango minne ya mwaka 2010, ambayo niliinunua ikiwa tayari imeinuliwa. Mbele ilikuwa imefungwa springi za koili ndefu kuliko za kiwandani, na nyuma aliyeiinua alikuwa amepachika vitalu vya chuma vya inchi 2, yaani takriban sentimita 5, kati ya ekseli na springi za majani, yaani zile za mabamba ya chuma yaliyopangwa kwa tabaka. Kuinuliwa kwenyewe kulinifaa, kwa sababu mitaa ya ndani ya Goba ina vilima na makorongo, na masika yakishika kasi gari la chini halifiki mbali. Kilichonisumbua ni sehemu ya nyuma. Gari likiwa tupu lilibinuka nyuma na kuinamia mbele, na likipakiwa mifuko ya saruji kutoka Tegeta lilididimia nyuma kiasi kwamba taa zangu ziliwamulika usoni madereva waliokuwa wakija upande wa pili wa Barabara ya Bagamoyo. Aidha, kila nilipoondoka na mzigo kwenye mwinuko, propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma, ilitetemesha sakafu yote ya gari.

Mambo haya yote yalikuwa na chanzo kimoja. Kitalu huongeza kimo lakini hakiongezi nguvu ya springi hata kidogo. Majani yaleyale yaliyochoka huendelea kubeba mzigo uleule, ila sasa yako mbali zaidi na ekseli. Umbali huo huipa ekseli nafasi ya kujipindisha wakati injini inapovuta kwa nguvu, pua ya difu, mahali propela shafti inapoungana na ekseli, ikanyanyuka, pembe ya propela shafti ikaharibika kwa muda, na hapo ndipo mtetemo unapozaliwa. Kwa hiyo nilichohitaji ni kuondoa vitalu na kuirudisha kazi ya kubeba kimo kwenye majani yenyewe.

Kabla ya kugusa nati yoyote nilipima, na naamini hatua hii ndiyo iliyookoa fedha zangu. Watu wengi hupima kutoka ardhini hadi kwenye upinde wa bodi juu ya tairi, lakini kipimo hicho hubadilika tairi zikiisha au upepo ukipungua. Mimi nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye upinde wa bodi, gari likiwa kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, baada ya kulisukuma mbele na nyuma kidogo ili springi zitulie. Nyuma nilipata sentimita 59 gari likiwa tupu. Kisha nikapanga mifuko minane ya saruji juu ya ekseli, ambayo kwa kilo 50 kila mmoja ni kilo 400, na kipimo kikashuka hadi sentimita 51.5. Kwa kuwa upinde wa mbele na wa nyuma haulingani, nililinganisha mbele na nyuma kwa kupima kimo cha ukingo wa chini ya milango, na nikaona kwamba gari lingekaa sawa nyuma ikiwa karibu na sentimita 53.5. Hicho ndicho kimo nilichokitaka, na nilikitaka gari likiwa na mzigo, kwa sababu gari hili siku nyingi hutembea na mzigo.

Njia zilikuwa kadhaa. Shakeli ndefu, yaani kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi, niliikataa mapema: ili gari lipande inchi 1 lazima shakeli irefuke kwa takriban inchi 2, pua ya difu nayo hugeukia juu, na nguvu ya kubeba haiongezeki. Njia ya pili ni kuyakunja upya majani ya zamani. Nilikwenda eneo la Gerezani, ambako mafundi wa chuma hufanya kazi hiyo, na fundi mmoja mtu mzima akayakagua majani yangu, akayagonga kwa nyundo ndogo huku akisikiliza mlio.

“Shikamoo, fundi. Haya yanakunjika?”

“Marahaba, kijana wangu. Kukunjika yanakunjika, lakini nikiyatia motoni yatakaa vizuri miezi michache halafu yatalala tena. Kanunue jani, uongeze.”

Namshukuru kwa ukweli wake, kwa maana angeweza kuchukua fedha yangu akanyamaza. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kuchomwa, kupozwa ghafla na kupashwa tena kwa joto la kadiri. Kukichoma ovyo kwenye makaa huuondoa unyumbufu huo, na kinachobaki ama hulala au hukatika.

Nilinunua majani mawili ya kuongeza, ya seti moja, katika maduka ya vipuri ya Kariakoo. Nilichagua jani refu na si fupi, kwa sababu jani fupi huwa gumu sana na ncha yake huligandamiza jani la juu mahali pamoja hadi likapasuka. Pamoja nayo nilinunua boluti mpya za kati, zinazoyashika majani pamoja, na boluti mpya za U, zinazofunga springi kwenye ekseli. Za zamani zilikuwa ndefu kwa ajili ya vitalu, na hata zingetosha nisingezirudisha, kwa kuwa boluti ya U hurefuka kidogo inapokazwa mara ya kwanza, nayo haifai kuaminiwa mara ya pili.

Kazi niliifanya na fundi wangu wa siku zote. Tuliegemeza chesisi kwenye stendi imara, jeki ikabaki chini ya ekseli, tukafungua shokapu na kuteremsha ekseli polepole tukiangalia mpira wa breki usivutwe. Springi tuliibana kwa klempu mbili pande zote za boluti ya kati kabla ya kuifungua, kwa sababu majani yaliyobanwa pamoja yana nguvu ya kuvunja mkono. Kati ya jani na jani kulikuwa na kutu iliyochanganyika na mchanga mweupe wa pwani, ngumu kama saruji iliyokauka; tuliisugua yote kwa brashi ya waya. Jani jipya likaingia mahali pake kwa kufuata urefu, tukalegeza klempu kidogokidogo.

Hapa kuna jambo ninalomsihi kila mmiliki asimame karibu na kulitazama kwa macho yake. Boluti za machoni mwa springi, yaani kwenye matundu ya ncha zake, na za shakeli hazikazwi kabisa gari likiwa juu ya stendi. Bushi za mpira zikibanwa ekseli ikiwa imening'inia, zitakuwa zimejisokota mara tu gari litakaposhuka, zitalizuia lisifike kimo chake halisi, na zitachanika mapema. Tuliziingiza kwa mkono tu, tukashusha gari, tukalitikisa, ndipo tukazikaza uzito wote ukiwa chini.

Kipimo kikawa sentimita 58.5 gari likiwa tupu na 53.5 likiwa na mifuko ileile minane. Mtetemo wa propela ulikwisha.

Hata hivyo sikuridhika kabla ya kushughulikia breki. Hilux yangu ina vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Imefungwa kwenye chesisi, na fimbo yake imeshikwa kwenye ekseli. Nyuma ikishuka, vali huelewa kwamba kuna mzigo na huongeza nguvu. Nyuma ikiinuliwa bila fimbo kurekebishwa, vali hudhani gari ni tupu siku zote na huzinyima breki za nyuma kazi yao. Kwa anayeteremka vilima vya Goba na saruji mgongoni hilo si jambo dogo. Tulitengeneza kibano cha bati nene kilichoinua mshiko wa fimbo upande wa ekseli kwa sentimita 4.5, sawa na kimo kilichoongezwa na majani mapya baada ya vitalu kuondolewa, kisha tukajaribu breki kwenye uwanja mtupu wa changarawe, tukihakikisha kwamba magurudumu ya nyuma hayagandi kabla ya yale ya mbele.

Baada ya kilomita 500 tulizikaza tena boluti za U kwa spana ya kupimia nguvu, na nati karibu zote zilisogea kidogo. Springi nazo zilikuwa zimetulia, nyuma ikashuka kwa takriban nusu sentimita, jambo la kawaida kwa majani mapya. Taa za mbele nilikuwa nimeziacha makusudi hadi kimo kitulie. Nilizipanga jioni moja mbele ya ukuta, mifuko minane ikiwa nyuma.