Siku Mama Alipoonja Ziwa Erie

Darasa la mwanangu linajiandaa kwenda Cedar Point, bustani ya michezo ufukweni mwa Ziwa Erie, Ohio, naye ameniuliza kama bibi yake aliwahi kupanda rola kosta, yale magari ya relini yanayopanda juu na kuporomoka kwa kasi. Hakupanda. Lakini alifika, na siku ile haijanitoka.

Tulitoka Columbus alfajiri, gari limejaa watoto wa dada na mandazi. Wao walikimbilia foleni ya Blue Streak, ile ya mbao ya mwaka 1964. Mama aliitazama ikiporomoka na mayowe yake, akasema, "Mimi nipeleke majini."

Tukapita Hoteli Breakers, tukatokea ufukweni. Akavua viatu, akapandisha kanga hadi magotini, akaingia. Ng'ambo haionekani pale, utaapa ni bahari. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akanigeukia macho yamemtoka. "Hayana chumvi!" Akaonja tena.

"Kabla ya mashine hizi, watu walikuja kufanya nini?"

Nikafurahi, maana historia ya pale naipenda mno. Nikamwambia yote yalianzia majini hapo hapo. Mwaka 1870 Louis Zistel alikuwa akivusha watu kwa meli ndogo kutoka mji wa Sandusky, waje kuoga, kunywa bia na kucheza dansi. Rola kosta ya kwanza ilikuja 1892, kimo chake hakikufika hata mita 8. Breakers ilijengwa 1905, enzi za George Boeckling, aliyekuwa akiiendesha Cedar Point.

"Na wanawake waliogelea?"

"Ndiyo, na magauni ya sufu na soksi ndefu."

Akanyamaza, vidole vya miguu vikichimba mchanga. Kisha akasema, "Baba yako alinifundisha kuogelea Raskazone, kule Tanga, usiku. Mchana ningeonekana. Nilijifunga kanga mbili, zikilowa zinanivuta chini, naye ananishika hapa." Akagusa ubavu.

Mama huyu huyu alitukataza sisi wasichana kuingia baharini Tanga, na yeye sikuwahi kumwona akitia hata mguu. Nilitaka kuuliza mengi, watoto wakatufikia na chipsi zao, stori zikawa za Blue Streak. Njia nzima ya kurudi alilala.

Labda ni umbali na nyumbani uliomfungua mdomo. Mwaka uliofuata alifariki.

Msibani nilimsimulia mama mdogo. Alikana katakata. Dada yake hakujua kuogelea, alisema, na baba yenu alikuwa anaogopa maji.